UZI: Serikali ipewe ufunguo wa meseji zetu? Tuanzie gerezani kwa Fumo Liyongo

Wadau, sheria za uzi huu mnazijua: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Tunachukua hoja moja inayorudi kila msimu na kuifungua. Ya leo ni ile ya "kampuni za meseji zilazimishwe kuipa serikali ufunguo." Huja baada ya kila shambulio, huja tena uchaguzi ukikaribia, na pande zote mbili hubishana kana kwamba kuna ufunguo mahali umetundikwa kwenye msumari ofisini California, na swali ni nani aruhusiwe kuuchukua.

Hakuna msumari. Ndiyo hoja yangu yote, lakini nikiishia hapo hamtanielewa. Kwa hiyo twende polepole, na tuanzie huku kwetu visiwani.

Mtoto wa Lamu hukua na kisa cha Fumo Liyongo. Muhammad Kijumwa wa Lamu alikitungia utenzi mwaka 1913, lakini kisa chenyewe ni cha kale kuliko utenzi. Liyongo, shujaa na mshairi, amefungwa minyororo Pate kwa amri ya Sultani. Mamake anampelekea chakula kila siku kwa mkono wa kijakazi, Saada. Walinzi wanakula kizuri, wanamwachia makombo. Siku moja Liyongo anamtuma Saada kwa mamake kwa maneno ya wimbo: aoke mkate wa wishwa, na ndani atie tupa. Walinzi wapo pale pale. Mkate unakuja, wanauona ni wa wishwa, wanaucheka, wanampa mfungwa wao. Halafu Liyongo anaandaa ngoma ya gungu. Siwa linalia, matoazi na upatu vinapigwa, na ndani ya kelele ile yeye anakereza chuma. Ngoma ikiisha, minyororo imekatika.

Kisa ni kisa, sitaki mtu aniulize tarehe. Lakini angalia kilichomo. Ujumbe umepita mbele ya maadui. Mtumaji na mpokeaji wana jambo wanalolijua wao ambalo walinzi hawalijui (mama na mwana wanajuana). Mjumbe ni mwaminifu, habadilishi neno. Na kelele, ambayo sisi huiona kuwa adui wa mawasiliano, ndiyo iliyomwokoa. Shika hayo manne, hasa la kelele, maana wanahesabu walilifikia karne ya 20 ikiwa imekwenda sana.

Pwani ilikuwa na njia nyingine za siri pia. Kinyume, kwa mfano: unachukua silabi ya mwisho unaileta mbele, "siri" inakuwa "risi". Askofu Steere aliielezea katika kitabu chake cha kufunza Kiswahili karne ya 19. Ni mchezo mzuri, lakini ukishajua kanuni umejua kila kitu. Siri yote imekaa kwenye njia, na njia hujulikana tu, hata ukificha vipi. Wasimbaji wa Ulaya walilikubali hili mwishoni mwa karne ile ile: chukulia adui anaijua mashine yako yote, jambo pekee asilolijua liwe ufunguo. Sawa. Lakini ufunguo wenyewe unamfikishaje mwenzako?

Hapo ndipo dola kubwa zilipoteseka, na sehemu ya mateso hayo ilitokea Mombasa, jambo ambalo shuleni kwangu hakuna aliyewahi kunifundisha. Aprili 1942 ndege za Japani zilishambulia Colombo na Trincomalee. Waingereza wakahamisha kituo chao cha kunasa na kufumbua meseji za Wajapani hadi Kilindini. Walikaa kwenye jengo la shule ya Allidina Visram, ambayo ipo mpaka leo, wakaliita kwa jina la manowari: HMS Alidina. Kutoka pale, mwezi wa Septemba mwaka huo huo, walivunja JN-40, msimbo wa meli za biashara za Japani. Walivunjaje? Mtu mmoja upande wa pili alituma ujumbe akasahau kitu, akautuma tena kwa ufunguo ule ule akiwa ameongeza alichosahau. Meseji mbili, ufunguo mmoja, tofauti ndogo. Yatosha.

Ukiuliza kwa nini mtu atumie ufunguo mara mbili, jibu ni kwamba funguo zilikuwa ghali. Zilikuwa vitabu na karatasi vinavyobebwa na watu kwa meli. Ukiishiwa uko katikati ya bahari, imekula kwako.

Claude Shannon, Mmarekani aliyeanzisha nadharia ya habari, alichapa mwaka 1949 thibitisho kali kuhusu jambo hili. Ukitaka siri kamili, ya aina ambayo adui mwenye kompyuta ya ukubwa wowote na muda wa milele hapati kitu, ufunguo wako lazima uwe na urefu usiopungua ule wa ujumbe, uwe wa kubahatisha tupu, na usirudiwe. Kwa lugha ya sokoni: kupeleka gunia la siri lazima kwanza uwe umepeleka gunia la ufunguo. Ndivyo ilivyofanyika hasa. Laini ya dharura kati ya Washington na Moscow ya mwaka 1963 ilitumia tepu za ufunguo zilizopelekwa kwa mkono kupitia balozi. Nchi tajiri zinaweza. Wewe na mimi hatuna balozi.

Kwa miaka mingi watu wakaamini hiyo ndiyo mwisho wa hadithi. Ukitaka siri na mtu, lazima kwanza mkutane faraghani. Na kisiasa hiyo ina maana kubwa, jamani: siri inakuwa mali ya wenye wajumbe, yaani majeshi, mabenki, serikali. Mwananchi anaongea hadharani, dola inaongea kwa msimbo.

Mlango ulipasuka miaka ya 1970. Mwaka 1974 mwanafunzi wa Berkeley, Ralph Merkle, alipendekeza kama kazi ya darasa njia ya watu wawili wasiowahi kukutana kupata siri huku adui anasikiliza kila neno. Mwalimu hakuielewa, akaikataa. (Wanafunzi wenzangu, tulieni.) Mwaka 1976 Diffie na Hellman wakachapa njia iliyo bora zaidi. Baadaye, mwaka 1997, ikatangazwa kwamba ndani ya idara ya ujasusi ya Uingereza watu walikuwa wamefika hapo mapema na kufungia kabatini. Yaani dola ilijua kwamba raia wanaweza kuwa na siri bila mjumbe, ikanyamaza.

Njia hiyo ya 1976, pamoja na wajukuu wake, ndiyo iliyo kwenye simu yako. Inasimama juu ya hesabu ambayo ni rahisi kwenda mbele na ngumu kurudi nyuma. Ngumu, sijasema haiwezekani. Mwaka 1994 Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta ya kwanta, ikipatikana kubwa ya kutosha, itairudisha nyuma. Kwa hiyo kuna watu walioendelea kuuliza swali la Shannon kwa ukaidi: je, inawezekana wawili wapate siri hadharani, siri ambayo hata kompyuta isiyo na mwisho haiipati?

Inawezekana. Na jibu liko kwenye ngoma ya gungu.

Aaron Wyner aliliona la kelele mwaka 1975: kama mdukuzi anasikia kwa mikwaruzo zaidi kuliko mwenzako, tofauti ile unaweza kuigeuza siri. Lakini vipi kama mdukuzi ana masikio sawa na yenu, au bora kuliko yenu? Mwaka 1993 Ueli Maurer, Mswisi, na mwaka huo huo Ahlswede na Csiszár, wakaonyesha kwamba mkiruhusiwa kuzungumza hadharani, bado kuna njia. Nitaieleza kwa mfano wa kwetu. Vumilieni, hesabu ni ya darasa la nane.

Tuseme setilaiti inarusha 0 na 1 za kubahatisha, mfululizo. (Sisi pwani tuna haki ya kutoa mfano wa setilaiti. Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, upande wa Malindi, tarehe 12 Desemba 1970.) Wanaosikiliza ni watatu: mtu wa Faza, mtu wa Shela, na mdukuzi. Antena zao wote ni mbovu sawasawa, kila mmoja anakosea tarakimu 20 katika kila 100, na kila mtu makosa yake. Ukichukua wawili wowote kati yao na kulinganisha orodha zao, wanakubaliana mara 68 katika 100. Wa Faza na wa Shela 68. Wa Faza na mdukuzi 68. Hakuna aliye na faida.

Sasa wa Faza anachukua tarakimu zake mbili mbili. Anapiga simu, laini ya wazi, dunia yote inasikia, anasema: "Jozi yangu ya kwanza, jumla yake ni witiri. Ya pili, shufwa." Hivyo hivyo mpaka mwisho. Wa Shela anaangalia jozi zake. Ikioana anasema "weka", wote wanabaki na tarakimu ya kwanza na kuitupa ya pili. Isipooana anasema "tupa", wanatupa zote mbili.

Piga hesabu. Kwenye tarakimu zilizobaki, wa Faza na wa Shela sasa wanakubaliana mara 82 katika 100. Mdukuzi, aliyesikia kila neno na kukisia kwa akili yake yote, yuko 72. Rudieni zoezi hilo kwa zile zilizobaki: wao wanafika 95, yeye 84. Walianza sawa!

Kwa nini? Kwa sababu mdukuzi anasikia lakini hana kura. Panapotokea jozi yake yeye haioani na iliyotangazwa, hawezi kusema "hiyo tupeni." Mazungumzo yanachuja kufuata makosa ya wawili wanaoongea. Makosa yake yeye hakuna anayemuuliza. Kuna siku nzima niliirudia hesabu hii kwenye daftari nikitafuta ujanja uko wapi. Ujanja ni huo tu.

Zinabaki hatua mbili ambazo nitazipita haraka. Kwanza wanasahihisha makosa machache yaliyobaki baina yao, tena hadharani, na hapo siri kidogo inavuja. Kisha wanaikamua orodha: wanachukua tarakimu nyingi na kuzigeuza kuwa chache, ili kutojua kidogo kidogo kwa mdukuzi kujumlike. Mfano rahisi: ukichukua tarakimu 20 ambazo kila moja anaijua kwa 84 katika 100, ukamuuliza jumla yake ni witiri au shufwa, ubashiri wake ni kama kurusha shilingi. Anajua mengi kuhusu kila moja na karibu hajui lolote kuhusu jumla. Bennett, Brassard na Robert walichapa hesabu ya kukamua mwaka 1988, nayo ndiyo inayotumika kwenye mawasiliano ya kwanta. Mwaka 2017 Beijing na Vienna waliongea kwa video kwa funguo zilizopatikana kwa setilaiti, na ndani yake mna mazungumzo ya hadharani kama haya ya Faza na Shela.

Ona basi. Ufunguo haukubebwa na mtu. Haukutumwa na setilaiti ukiwa tayari. Kampuni ya simu iliyopitisha mazungumzo imesikia yote na haiujui. Ulizaliwa kati ya wawili, ncha mbili tu.

Sasa siasa.

Simu yako haitumii njia ya Maurer, inatumia ile ya 1976 na watoto wake, na WhatsApp imefunga meseji zote ncha kwa ncha tangu Aprili 2016. Lakini kwenye jambo hili la kisiasa hizo njia mbili ni ndugu: ufunguo unazaliwa kwenye simu mbili. Kwa hiyo mtu akisimama jukwaani na kusema "kampuni itoe ufunguo", anaomba kitu ambacho kampuni haina. Anachoomba kwa kweli ni kampuni ijenge upya mfumo ili mtu wa tatu awepo kwenye kila mazungumzo, ya muuaji na ya daktari, yako na yangu. Hilo linaweza kujadiliwa, lakini liombwe kwa jina lake. Marekani walijaribu mwaka 1993, chipu iliyoitwa Clipper, na nakala ya ufunguo mkononi mwa serikali. Mwaka uliofuata mtafiti mmoja akaonyesha namna ya kuikwepa, na miaka michache tu mpango mzima ukafa.

Na msiniambie naongea hivi kwa sababu sijui gharama ya usalama. Mimi ni wa Lamu. Juni 2014 watu zaidi ya 60 waliuawa Mpeketoni na vijiji vya jirani. Ikafuata kafyu, na wavuvi wakazuiwa kuvua usiku, kana kwamba samaki wanajua saa. Kwa hiyo sisi tulipigwa mara mbili, na swali la nani anamsikiliza nani kwetu halikuwa nadharia. Mtu aliyepoteza ndugu ana haki ya kuuliza kwa nini waliopanga hawakusikika mapema. Naiheshimu hoja hiyo kuliko hotuba nyingi za haki za binadamu.

Desemba mwaka huo huo Bunge likapitisha sheria ya kurekebisha sheria za usalama. Februari 2015 Mahakama Kuu ikafuta vifungu 8, lakini kile kinachoruhusu vyombo vya usalama kunasa mawasiliano kwa ajili ya ugaidi kikabaki, ingawa Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya mawasiliano. Unaweza kukubaliana na majaji au usikubaliane. Mimi naona walipaswa kubana zaidi.

Ila mjadala wetu unasahau kwamba kunasa maneno si kitu pekee. Mei 2014, wiki chache kabla ya Mpeketoni, nyaraka za Snowden zilionyesha kwamba Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi ambazo shirika la ujasusi la Marekani lilikuwa linakusanya taarifa za simu zake: nani kampigia nani, lini, kwa muda gani. Haikuhitaji ufunguo wowote. Usimbaji hufunga maneno, haufichi kwamba mmeongea. Walinzi wa Pate hawakuelewa ya mkate, lakini walijua vizuri kabisa kwamba Saada anakuja kila siku na anatoka nyumba gani. Kwa hiyo anayesema "bila ufunguo dola ni kipofu" anatia chumvi, na anayesema "nina WhatsApp, niko salama" anatia chumvi vile vile. Kuna taarifa za nani na nani, kuna simu yenyewe ikikamatwa, kuna binadamu anayeamua kusema. Ukitaka kupigania faragha nchi hii, mimi ningeanza na hizo taarifa za nani na nani, maana zinapatikana kwa urahisi mno na hakuna anayezihutubia.

Swali la mwisho kabla hamjaniuliza: je, mdukuzi akijifanya ndiye mtu wa Shela? Hapo kila kitu nilichoeleza kinavunjika, cha Maurer na cha 1976 pia. Hesabu zote hizi zinataka mdukuzi asikie tu, asiweze kubadilisha maneno. Liyongo alikuwa na Saada. Wewe una kitu ambacho wengi hamjawahi kukifungua: ndani ya WhatsApp, bonyeza jina la mtu, kuna sehemu ya usimbaji yenye tarakimu 60. Mkikutana uso kwa uso, barazani, ukumbini, popote, kila mtu afungue yake. Msomeane. Zikilingana, hakuna wa tatu kati yenu.